Kukadiria hatari ya mvua ya mawe makubwa kwa kusoma wasifu wa anga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Bukavu na nyanda za juu za Kivu

Ukurasa huu umeandikwa Bukavu kwa ajili ya watu wanaofuatilia hali ya hewa ya Kivu kwa bidii: wanafunzi, walimu wa jiografia, mabwana shamba, waangalizi wa viwanja vya ndege na yeyote anayefungua takwimu za anga kwenye simu yake kabla ya kwenda shambani. Vimo vyote vinavyotajwa hapa ni juu ya usawa wa bahari, isipokuwa pale inapoelezwa wazi kwamba ni juu ya ardhi. Msomaji aishike tofauti hiyo tangu mwanzo, kwa maana sehemu kubwa ya makosa yanayofanywa katika eneo letu hutokana na kuisahau.

Wasifu wa anga ni nini, na hupimwaje?

Ni orodha ya halijoto, unyevu, kanieneo na upepo kuanzia ardhini hadi juu sana. Njia iliyozoeleka ya kuupata ni puto la hidrojeni au heliamu linalobeba kifaa kidogo kiitwacho radiosondi, ambacho hutuma vipimo kwa redio kikiwa angani. Puto hupanda takriban meta 5 kwa sekunde, yaani meta 300 kwa dakika, na mara nyingi hufika karibu kilometa 30 kabla ya kupasuka. Kwa kasi hiyo, puto lililorushwa kutoka mji wenye kimo kama cha Bukavu lingevuka tabaka zote ambamo mawe ya barafu hukua kwa muda usiozidi nusu saa.

Saa rasmi za upimaji duniani ni 00 na 12 za UTC (saa ya pamoja ya dunia), ambazo kwetu ni saa nane usiku na saa nane mchana. Vituo vingi vya Afrika hurusha puto mara moja tu kwa siku, na vipo vinavyokaa muda mrefu bila kurusha kabisa.

Je, upimaji wa Nairobi unaweza kutumika kwa Bukavu?

Kwa sehemu, ndiyo. Kituo cha Dagoretti Corner kiko zaidi ya kilometa 800 mashariki yetu, na hewa yake ya chini hutoka zaidi Bahari ya Hindi, ilhali yetu huchanganya unyevu wa Ziwa Kivu na ule unaopanda kutoka msitu wa Kongo. Kwa hiyo unyevu na upepo wa chini wa Nairobi havitufai. Halijoto ya tabaka za juu ni jambo tofauti, kwa sababu karibu na ikweta halijoto ya usawa wa hektopaskali 500 (kimo ambako kanieneo ya hewa imeshuka hadi 500, karibu meta 5,850) hubadilika kidogo sana hata kwa umbali mkubwa, na kipimo halisi cha radiosondi ni njia nzuri ya kuhakiki kama modeli unayoitegemea, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya anga, inaipa anga ya juu joto linalostahili.

Basi tutumie modeli. Nichunguze nini kwanza kabla ya kuamini wasifu wa modeli?

Chunguza mstari wa chini kabisa. Modeli za dunia nzima, kama GFS ya Marekani na ile ya kituo cha Ulaya cha ECMWF, hulainisha milima, na mahali penye miteremko mikali kama hapa kwetu ardhi ya modeli inaweza kuwa mamia ya meta juu au chini ya ardhi yenyewe. Uso wa Ziwa Kivu uko meta 1,460, na kanieneo ya kawaida karibu na ufukwe ni takriban hektopaskali 850. Ukifungua wasifu uliotajwa kuwa wa Bukavu ukakuta mstari wa kwanza unasoma hektopaskali 800, ujue modeli imekupeleka mlimani, kwenye kimo cha karibu meta 2,000, na hewa yote yenye joto na unyevu iliyoko kati ya ufukwe na mlima huo haimo katika hesabu. CAPE (nishati ya hewa inayopanda, inayoelezwa katika swali linalofuata) itakayotoka hapo itakuwa ndogo kuliko ilivyo kweli. Chagua nukta ya jirani yenye kimo kinachokaribiana na chako, hata kama jina lake si la mji wako.

CAPE ni nini, na kwa nini kila mtu huanza nayo?

Ni kipimo cha nishati ambayo fungu la hewa hupata likipanda katika mazingira yenye ubaridi kuliko lenyewe. Hupimwa kwa juli kwa kila kilo ya hewa. Katika mchoro wa wasifu huonekana kama eneo lililo kati ya mstari wa halijoto ya mazingira na mstari wa fungu la hewa linalopanda, na ukubwa wa eneo hilo ndio ukubwa wa CAPE.

Watu huanza nayo kwa sababu inahusiana moja kwa moja na kasi ya hewa inayopanda ndani ya wingu. Kinadharia, kasi ya juu kabisa ni kipeuo cha pili cha CAPE iliyozidishwa mara mbili. CAPE ya 2,000 hutoa karibu meta 63 kwa sekunde, lakini kwa kuwa wingu huchanganyika na hewa kavu ya pembeni na hubeba uzito wa maji yake yenyewe, kasi inayopatikana kwa kweli huwa karibu nusu ya hiyo au chini yake. Linganisha sasa na kasi ya kuanguka kwa mawe: jiwe la sentimita 1 huanguka takriban meta 10 kwa sekunde, la sentimita 2.5 kati ya meta 15 na 25, na la sentimita 5 kati ya meta 25 na 35, kutegemea umbo lake na ugumu wa barafu yake. Jiwe haliwezi kuendelea kukua kama hewa inayopanda haiwezi kulihimili.

Kwa hiyo CAPE kubwa maana yake ni mawe makubwa?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila msomaji aondoke nalo. CAPE hueleza nguvu ya kunyanyua, haielezi jiwe litakaa muda gani mahali panapolikuza. Jiwe hukua hasa katika tabaka lenye halijoto kati ya nyuzi 10 na 30 chini ya sifuri, ambako kuna matone mengi ya maji yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda, na ambayo huganda yanapogusa barafu. Katika anga ya tropiki tabaka hilo liko takriban kati ya meta 6,500 na 9,500. Jiwe linalorushwa kwa kasi likapita juu ya tabaka hilo ndani ya dakika chache hutoka likiwa dogo, hata kama wingu lenyewe limefika kilometa 15 na linatisha kwa macho.

Ndiyo maana inafaa kuangalia CAPE imejipanga vipi kwa wima. Eneo nene kati ya nyuzi 10 na 30 chini ya sifuri ni dalili mbaya zaidi kuliko eneo jembamba lililonyooka hadi kilometa 16. Wasifu wetu wa kawaida wa msimu wa mvua, kati ya Septemba na Mei, ni wa aina hiyo ya pili: jumla ya CAPE inaweza kuwa kubwa, lakini imegawanywa kidogo kidogo kwenye kimo kirefu sana.

Kabare kuna radi nyingi kuliko karibu sehemu zote za dunia. Mbona mawe makubwa hayanyeshi kila siku?

Swali hili huulizwa na wanafunzi kila mwaka, na ni swali zuri. Katika orodha iliyotolewa mwaka 2016 kutokana na vipimo vya setilaiti ya TRMM, Kabare, jirani na Bukavu, ilikuwa ya pili duniani kwa takriban mimweko 205 ya radi kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye takriban 233. Radi huhitaji barafu: chembe laini za barafu hugongana na fuwele ndogo ndani ya mkondo unaopanda, na chaji za umeme hutengana. Kwa hiyo radi inathibitisha kwamba barafu ipo juu na kwamba hewa inapanda kwa nguvu ya kutosha, wala haithibitishi zaidi ya hapo. Mawingu mengi ya alasiri yanayoota juu ya milima ya magharibi ya ziwa huishi chini ya saa moja, kisha mvua yao wenyewe huangukia mkondo uliokuwa ukiyalisha na kuuzima. Kinachokosekana siku nyingi ni upepo wa kuitenganisha mvua na mkondo huo.

Upepo unahusikaje na ukubwa wa jiwe?

Upepo ukibadilika kadiri unavyopanda, wingu huinama, mvua huangukia pembeni, na mkondo unaopanda huendelea kuishi. Mabadiliko hayo yakiwa makubwa sana wingu lote huanza kuzunguka, nalo huitwa superseli. Mkondo wake huwa mpana na hudumu, na jiwe huweza kuuvuka polepole kwa ubavu likiwa ndani ya tabaka la kukua muda wote. Kipimo kinachotumika sana ni tofauti ya upepo kati ya ardhi na kilometa 6 juu ya ardhi. Kwa Bukavu hiyo ni meta 7,500 hivi juu ya bahari, wala si 6,000. Tofauti ya meta 18 hadi 20 kwa sekunde au zaidi ndiyo inayohusishwa na superseli. Kati ya 10 na 15 mawingu hujipanga kwa makundi. Chini ya 10 kila wingu hujitegemea.

Tofauti hii ni ya vekta, kwa hiyo mwelekeo una uzito sawa na kasi. Chukua siku mbili za mfano. Siku ya kwanza, upepo wa ziwani unavuma kutoka mashariki meta 3 kwa sekunde kuelekea miteremko ya Kabare, na kilometa 6 juu ya ardhi unavuma pia kutoka mashariki meta 12: tofauti ni 9 tu. Siku ya pili, juu hakuna kilichobadilika, ila chini umeingia upepo wenye unyevu kutoka magharibi, upande wa msitu, meta 3 kwa sekunde: tofauti sasa ni 15. Aliyesoma kasi peke yake, 3 chini na 12 juu, ataziona siku hizo mbili kuwa sawa.

Kuna jambo la pili la kwetu. Kati ya Septemba na Novemba mkondo wa upepo wa mashariki huimarika kusini mwa ikweta katika usawa wa hektopaskali 700 hadi 600, yaani kati ya kilometa 3 na 4.5 hivi juu ya bahari. Juu ya mkondo huo upepo unaweza kupungua tena. Ukichukua ncha mbili tu, ardhi na kilometa 6, utauruka mkondo wenyewe na kuhitimisha kwamba anga imetulia. Chora upepo wote kwenye hodografu (mchoro unaounganisha ncha za mishale ya upepo ya kila kimo), tabaka baada ya tabaka, na uangalie urefu wa mstari mzima. Miezi hiyo ndiyo ninayoipa uangalifu mkubwa kuliko mingine yote ya mwaka.

Je, mwinuko wa Bukavu unaongeza hatari au unaipunguza?

Unaiongeza, kwa sababu unafupisha safari ya jiwe ndani ya hewa yenye joto. Katika eneo letu halijoto hufika sifuri kwenye kimo cha takriban meta 4,900. Anayetaka kuthibitisha kwa macho aangalie Ruwenzori: kilele cha Margherita, meta 5,109, bado kina barafu. Sasa toa kimo cha ardhi. Bukavu, karibu meta 1,500, jiwe lina meta 3,400 za kuanguka ndani ya joto. Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, karibu meta 780, lina zaidi ya meta 4,100. Pwani, Banana au Dar es Salaam, lina zote 4,900. Kwenye vilima vya meta 2,000 vya Kabare na Walungu linabakiwa na 2,900 tu.

Jiwe la sentimita 1, kwa kasi ya meta 10 kwa sekunde, hufika Bukavu kwa chini ya dakika 6, na pwani kwa zaidi ya dakika 8, tena likipita hewa ya chini yenye joto kali zaidi. Jiwe dogo huyeyuka lote au karibu lote katika muda wa ziada. Jiwe kubwa huathirika kidogo, kwa kuwa huanguka kwa kasi na lina barafu nyingi kwa kila sentimita ya uso wake. Hivyo mwinuko wetu hufanya kazi kubwa kwa mawe madogo na ya wastani: yale ambayo Uvira yangefika kama matone makubwa ya baridi, Walungu hufika yakiwa barafu na kuchana majani ya migomba.

Kipimo bora kuliko kimo cha nyuzi sifuri za kawaida ni kimo ambapo kipimajoto chenye balbu iliyolowa husoma sifuri. Jiwe likianza kulowa ndani ya hewa kavu, maji ya usoni huvukizwa na kulipoza, kwa hiyo halianzi kuyeyuka kwa kweli mpaka lifike kimo hicho cha chini zaidi. Ukiona tabaka kavu kati ya meta 4,000 na 5,500, huenda nyuzi sifuri za balbu iliyolowa ziko meta 4,300, na umbali wa kuyeyukia Bukavu umebaki meta 2,800. Watabiri wa nchi za latitudo za kati wamezoea kusema kwamba mawe makubwa huja zaidi kimo hicho kinapokuwa kati ya meta 2,100 na 3,200 juu ya ardhi. Kanuni hiyo ilitokana na anga yao, na mimi naitumia kama dokezo, ila si jambo dogo kwamba mji ulio nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta unaingia ndani ya mipaka hiyo kwa sababu ya mwinuko wake pekee.

Kupungua kwa joto kati ya hektopaskali 700 na 500 huhesabiwaje, na kwetu kunasema nini?

Usawa wa hektopaskali 700 uko karibu meta 3,150, chini kidogo ya kilele cha Kahuzi chenye meta 3,308. Usawa wa 500 uko karibu meta 5,850, takriban kimo cha kilele cha Kilimanjaro. Kati yao kuna kilometa 2.7. Siku ya kawaida tunaweza kuwa na nyuzi 10 kwenye 700 na nyuzi 6 chini ya sifuri kwenye 500: tofauti ni 16, ambayo ukiigawanya kwa 2.7 unapata nyuzi 5.9 kwa kilometa. Siku ambayo 700 ina nyuzi 11 na 500 ina nyuzi 7 chini ya sifuri, jibu ni 6.7. Katika tambarare za Marekani watabiri huanza kushtuka panapozidi 7. Hapa kwetu 6.7 ni siku ya kukaa macho, kwa sababu anga ya tropiki haifiki hapo kwa urahisi, na badiliko dogo la nyuzi moja juu na moja chini huongeza sana unene wa CAPE katika tabaka la kukua.

Fahirisi ya SHIP inafaa kutumiwa Kivu?

SHIP (Significant Hail Parameter, namba moja ya kukadiria hatari ya mawe makubwa) ilitungwa na kituo cha Marekani cha utabiri wa dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, ili kutofautisha siku za mawe ya sentimita 5 au zaidi na siku za mawe madogo. Huzidisha vitu vitano: CAPE ya fungu la hewa lenye msukumo mkubwa zaidi, gramu za mvuke katika kila kilo ya hewa hiyo, kupungua kwa joto kati ya 700 na 500, idadi ya nyuzi chini ya sifuri kwenye 500, na tofauti ya upepo hadi kilometa 6. Jibu hugawanywa kwa milioni 42. Thamani inayozidi 1 huhesabiwa kuwa ya hatari.

Turudi kwenye siku zetu mbili, zote tukizipa CAPE ya 2,000 na mvuke wa gramu 13. Siku ya kwanza, yenye 5.9, nyuzi 6 na upepo 9, hutoa takriban 0.2. Siku ya pili, yenye 6.7, nyuzi 7 na upepo 15, hutoa takriban 0.44. Zote ziko mbali na 1, na mtu angeweza kufunga daftari. Lakini tazama: bila kugusa CAPE hata kidogo, hatari imepanda zaidi ya mara mbili. Tatizo ni kwamba joto la 500 kwetu halishuki sana. Fahirisi yenyewe inapokuta hewa yenye joto kuliko nyuzi 5.5 chini ya sifuri huihesabu kana kwamba ni 5.5, na sisi tunaishi karibu na mpaka huo mwaka mzima. Ushauri wangu ni kutojali sana kizingiti cha 1, na badala yake kulinganisha thamani ya leo na thamani za siku nyingine za mahali hapo hapo.

Na fahirisi za zamani, kama K na Total Totals?

Hizi ni namba za kukadiria uwezekano wa radi na dhoruba. Usizitumie. Zote huhitaji halijoto na kiwango cha umande (halijoto ambayo hewa ikipoa hadi hapo mvuke wake huanza kuwa maji) cha hektopaskali 850, usawa ambao Bukavu na Goma uko ardhini au hata chini ya ardhi. Jua la saa saba mchana juu ya lami hupandisha fahirisi hizo bila anga kuwa imebadilika, na modeli zinazojaza thamani ya 850 chini ya mlima hubuni hewa isiyokuwepo.

Wasifu wa usiku unaweza kusaidia kwa dhoruba ya alasiri?

Unaweza, ukirekebishwa. Wasifu wa saa nane usiku una hewa baridi iliyolala bondeni, na CAPE yake ya ardhini mara nyingi ni sifuri au karibu na sifuri. Weka mahali pa halijoto ya ardhini ile unayoitarajia saa saba au saa nane mchana, weka na kiwango cha umande unachoamini kitabaki baada ya hewa kuchanganyika, kisha chora upya mstari wa fungu la hewa. Mabadiliko ya nyuzi 2 za umande yanaweza kuongeza au kupunguza mamia ya juli, kwa hiyo fanya hesabu kwa thamani mbili, ya chini na ya juu.

Wasifu wa saa nane mchana una hatari nyingine. Saa hiyo mawingu yameshaanza juu ya milima, na puto likipita ndani ya wingu, au modeli ikiwa tayari imenyesha mvua, kinachoonekana ni anga iliyokwisha kutumika: unyevu umejaa hadi juu na CAPE imepungua. Zaidi ya hayo, kihisi cha radiosondi kilicholowa ndani ya wingu hupoa kwa uvukizi kinapotoka juu yake, na mchoro huonyesha tabaka baridi la uongo. Ukiona mistari ya joto na umande imeshikana kwa kilometa kadhaa kisha ghafla joto linashuka kwa namna isiyo ya kawaida, tilia shaka kipande hicho.

Lubumbashi hali ni hiyo hiyo?

Si sawa kabisa. Mji huo uko karibu nyuzi 12 kusini, kwenye kimo cha meta 1,200 hadi 1,300, na mwanzoni na mwishoni mwa msimu wa mvua upepo wa magharibi wa tabaka za juu huweza kuusogelea. Umbali wa kuyeyukia ni mrefu kidogo kuliko wetu, lakini tofauti ya upepo inaweza kuwa kubwa zaidi.

Wanaodhani kwamba nchi za joto haziwezi kupata mawe mazito wakumbuke Gopalganj, Bangladesh, ambako tarehe 14 Aprili 1986 lilianguka jiwe la kilo 1.02, zito kuliko yote yaliyothibitishwa. Aprili huko hewa ya chini ina joto na unyevu mwingi, na juu yake bado unavuma upepo mkali wa magharibi.

Mawe ya ukubwa gani huitwa makali?

Marekani tangu mwaka 2010 hutumia sentimita 2.54, zamani ilikuwa 1.9. Vipimo hivyo vinafikiria magari, mapaa na vioo. Shamba la maharage lililo kwenye maua halingoji sentimita 2.5; mawe ya sentimita 1 yakisukumwa na upepo kwa dakika kumi yanatosha kulimaliza. Kwa hiyo anayewashauri wakulima wa Walungu au Kabare asisubiri dalili za superseli. Nyuzi sifuri za balbu iliyolowa zikiwa chini, CAPE ya wastani, na tofauti ya upepo ya meta 10 zinatosha kutoa tahadhari ya mazao, huku tahadhari ya mawe makubwa ya kuvunja vioo ikibaki kwa siku adimu ambazo vitu vyote vimekutana.

Je, wasifu unaweza kuniambia mawe yatanyesha wapi na saa ngapi?

Hauwezi. Unaeleza kwamba viungo vipo, na kiasi chake. Wingu litaanzia mteremko upi ni suala la upepo wa ziwani, kivuli cha mawingu ya asubuhi na mabaki ya dhoruba za usiku, na hayo hufuatiliwa kwa setilaiti na kwa macho.

Nifanyeje ili makadirio yangu yaboreke?

Andika kinachoanguka. Mawe yanapoanguka, subiri yapite, kisha okota makubwa mara moja na uyapige picha kando ya rula, ukipima kipenyo kirefu zaidi. Likate moja katikati kama una kisu chenye makali: utaona duara jeupe lenye viputo vya hewa na duara angavu kama kioo yakipishana. Jeupe ni maji yaliyoganda papo hapo katika baridi kali. Angavu ni maji yaliyoganda polepole, palipokuwa na matone mengi au joto karibu na sifuri. Mawe yasiyo na tabaka la angavu, mepesi na yanayopondeka vidoleni, hayakupata muda wa kutosha katika sehemu yenye maji mengi, na ni vizuri yaandikwe hivyo.

Kando ya vipimo hivyo weka saa ya kuanza na kumaliza, kimo cha mahali, mwelekeo ambao dhoruba ilitoka, na namba tano za wasifu wa siku hiyo: CAPE, tofauti ya upepo hadi kilometa 6 pamoja na upepo wa hektopaskali 700 hadi 600, kupungua kwa joto kati ya 700 na 500, kimo cha nyuzi sifuri za balbu iliyolowa juu ya ardhi, na kanieneo ya mstari wa kwanza. Namba hizo hizo ziandikwe pia siku ambazo wasifu ulitisha na hakikuanguka kitu, na siku ambazo ilinyesha mvua ya kawaida tu. Ripoti za uharibifu ziwasilishwe pia Mettelsat, wakala wa taifa wa hali ya hewa, zikiwa na saa na kimo, kwa maana setilaiti huona barafu iliyoko ndani ya wingu lakini haiwezi kuthibitisha ni kiasi gani kilifika Nyangezi au Katana kabla ya kuyeyuka.